Sikukuu pili Forodhani, watoto wakiwa na pesa zao

Kwetu Unguja sikukuu mosi ya Idi hakuna anayekwenda mbali. Asubuhi ni swala, kisha kuamkiana nyumba kwa nyumba, kisha biriani ya mama, kisha usingizi wa biriani, ambao haupingiki. Sikukuu pili ndiyo ya kutembea, na ukimuuliza mtoto yeyote wa mjini kutembea ni kwenda wapi, atakujibu bila kufikiri: pembeani, halafu kula.

Mwaka huu tulivuka na boti kutoka Dar kabla mwezi haujaandama, boti imejaa mpaka ngazini, watu na maboksi yao, watoto wengine wamevaa viatu vya sikukuu mapema kwa sababu hawakuweza kungoja. Mama yangu anakaa Mwanakwerekwe. Tulikuwa watu sita: mama, mimi, baba watoto na wanetu watatu.

Sasa kuna jambo moja ambalo mume wangu, Mpare wa Same, hakulijua mpaka aliponioa. Sikukuu za Unguja, matajiri ni watoto. Sisi wakubwa tumeshamaliza kila kitu kwenye nguo, mchele na nauli, lakini wao wamezunguka siku nzima kwa mashangazi, wajomba, majirani na marafiki wa bibi, na kila mlango wameutolea "Shikamoo, sikukuu yangu!" na kila mlango umewapa noti. Tena noti mpya. Mama yangu noti zake huzitafuta wiki nzima kabla, akazilaza chini ya godoro zisikunjike, na ole wake atakayekaa upande ule wa kitanda.

Marehemu baba alituwekea sheria nami nimeirithi: pesa ya sikukuu haiulizwi. Mtoto akitaka kununua puto kumi, na anunue puto kumi. Mwaka mzima unamwambia hakuna, hakuna, kesho, tutaona. Siku hii moja mwache.

Basi mkubwa, miaka 12, alikuwa na mkoba wa shanga na hesabu zote kichwani. Wa kati, miaka 9, alizitia mfuko wa kanzu na kila hatua tatu anaushika. Kitinda mimba, miaka 5, alikuwa na shilingi 11,000, zote noti za elfu moja moja, na baba yake alipotaka kumbadilishia kumi kwa noti moja nyekundu alilia akisema anaibiwa. Zake zilikuwa nyingi, ya baba moja. Huwezi kumlaumu.

Kariakoo ya Unguja, penye pembea, sitaisimulia. Foleni, vumbi, mtoto kalia hataki kupanda, akapanda, kalia hataki kushuka. Tulitoka hapo alasiri imesonga, tukashika njia kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja na Vuga, tukatokea Shangani, tukapita chini ya lile jengo la zamani la mayatima ambalo barabara imelipenya katikati, na mara moshi wa mishikaki ukatupokea kabla hatujaona bustani ya Forodhani.

Forodhani jioni ya sikukuu si Forodhani ya siku nyingine. Siku za kawaida wageni wa kizungu ndio wengi na wenyeji wanapita pembeni. Sikukuu bustani inarudi kwa wenyewe. Ukitazama unaona familia nzima zimekaa kwenye majani, bibi katikati na buibui lake, wajukuu wamemzunguka na sahani, wasichana wamejipaka hina mpaka kwenye viwiko, wavulana na kanzu zilizokwisha kuingia mchuzi. Mama hapati kufika hapa bila kukumbusha ilivyokuwa kabla ya ukarabati, ule uliofanywa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na bustani kufunguliwa upya mwaka 2009. Anasema zamani palikuwa na vumbi na karabai, meza zimekaa ovyo, na chakula kilikuwa kitamu zaidi. Sehemu ya mwisho siiamini. Chakula cha ujanani kila mtu anakikumbuka kitamu.

Upande wa pili wa njia ni Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka. Wa kati aliniuliza kwa nini "jumba la maajabu" limekatika. Nikamwambia lilikuwa zee na lilichelewa kutibiwa. Akaitikia, akaushika mfuko wake, tukaendelea.

Tulifika jua halijazama, na huo ndio wakati ninaompendekezea kila mtu. Wauzaji wanakuwa wameshapanga meza lakini hawajazidiwa, na vijana wa makachu wako ukutani. Kama hujawaona, ni vijana wanaokuja mbio kutoka mbali, wanakanyaga ukingo wa ukuta na kujirusha baharini kwa mitindo, mmoja anajipindua, mwingine anakaa hewani kama anayekwenda kupanda baiskeli, na umati unapiga kelele. Wa kati alianza kufungua vifungo vya kanzu. Bibi yake alimwambia neno moja tu, "Thubutu," akavifunga.

Azana ya Magharibi ikalia, baba watoto akaenda msikitini, nami nikabaki na matajiri wangu watatu.

Kitinda mimba alikwisha kuchagua tangu mbali: piza. Piza ya Unguja haihusiani na Italia kwa lolote ila jina. Tulisimama mbele ya meza, mpishi amevaa kofia nyeupe ndefu. Akachukua donge la unga lililolala kwenye mafuta, akalibandika kwenye bati na kulisukuma kwa viganja, akilizungusha, mpaka likawa jembamba unaona bati chini yake. Katikati akaweka kipande kingine kidogo cha unga, ili tumbo lisipasuke. Ya nyama hutiwa kima, vitunguu, pilipili boga, kipande cha jibini, mayonizi, na yai linavunjwa hapohapo juu na kuvurugwa na vyote. Kitinda mimba hakutaka hayo. Alitaka ndizi na chokoleti. Mpishi akakata ndizi, akamwaga chokoleti, akakunja pembe nne ikawa mraba, akaitelezesha kwenye chuma cha moto chenye samli, ikalia, akaigeuza, ikalia tena.

"Elfu sita, bosi," akamwambia mwanangu, si mimi. Alishaona nani ameshika pesa.

Bosi akaanza kuzipanga noti kwenye meza. Moja. Akainyoosha. Mbili. Akainyoosha. Nyuma yetu foleni imefika kwenye kiti cha mzee mmoja, mpishi kasimama na mwiko mkononi, na hakuna hata mtu mmoja aliyemharakisha. Wote waliwahi kuwa na miaka mitano sikukuu. Ya sita alipoiweka, akamuuliza mpishi, "Zimetimia?" Mpishi akazihesabu upya kwa sauti, taratibu, kisha akampa sahani kwa mikono miwili.

Mkubwa alikuwa ameshatangulia kwenye miwa. Hapo pana mashine ya chuma yenye gurudumu kubwa. Kijana mmoja analisha, mwingine anazungusha. Muwa uliomenywa unapita mara ya kwanza, unatoka umepasuka, unakunjwa, ndani yake anapachika ndimu nzima iliyokatwa na kipande cha tangawizi, unarudishwa, unakunjwa tena, unarudishwa, mpaka kapi linatoka kavu kabisa. Juisi inashuka na povu la kijani kupitia chujio. Kijana akanyoosha mkono kuchota barafu.

"Usitie barafu," mkubwa akasema. "Nataka pesa yangu yote iwe juisi."

Kijana akacheka, akamjazia gilasi mpaka ukingoni. Nami hapo nikajua huyu hatanisumbua maishani katika mambo ya sokoni. Na kweli ndivyo inavyofaa: juisi ya miwa iliyotoka sasa hivi kwenye mashine haina haja ya barafu nyingi, barafu inaua tangawizi.

Wa kati alikwenda na bibi kwenye urojo. Huyu ndiye mfuasi wake, kila anachokula bibi naye anakila. Urojo kwa mama yangu ni elimu, na hakuna muuzaji anayefaulu mtihani wake. Wa kwake anaanza na unga wa ngano kidogo, uliokorogwa kwa maji baridi usifanye madonge, ukamiminwa kwenye maji yanayochemka yenye manjano na chumvi. Ukali lazima utoke kwenye embe mbichi iliyochemshwa na kupondwa. Embe ikikosekana, ndimu au ukwaju, lakini atakwambia kabisa kwamba leo si wenyewe. Moto mdogo, koroga, onja, mpaka ladha ya unga mbichi iondoke. Halafu bakuli: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mshikaki ulioondolewa kijitini, yai ukipenda, rojo juu yake, chatne ya nazi, pilipili, na mwisho kabisa chenga za muhogo wa kukaanga. Anayetanguliza chenga kabla ya rojo, kwa mama, hajafunzwa kwao.

Mume wangu mara ya kwanza alipopewa urojo ukweni aliutazama, akasema, "Huu ni uji wenye viazi." Hilo neno limebaki katika ukoo. Hata siku hii, mama alipomwona anarudi kutoka msikitini alimwita, "Mkwe, njoo, uji upo."

Akaja, akala bakuli zima, akaomba chenga za kuongeza.

Mama anashikilia kwamba urojo mzuri unauzwa barazani mtaani, na mtu unayemjua kwa mama yake na kwa sufuria yake, na kwamba wa Forodhani umepunguzwa makali kwa ajili ya wageni. Siku nyingine nakubaliana naye. Sikukuu sikubali. Sikukuu watu wanakula kwa kasi, bajia haipati hata muda wa kupoa, inatoka kwenye karai inaingia kwenye bakuli lako, na chenga bado zinalia ukizitafuna. Wale wale wanaouza urojo uliotulia tangu saa kumi, siku hii wanakaanga mara kwa mara hata wasipotaka. Nilimwambia mama hivyo. Akaonja tena, akasema, "Embe hakuna hapa." Akamaliza bakuli.

Tukaja kwenye samaki, ambapo kila anayekwenda Forodhani anapaswa kufungua macho. Meza zinang'aa: kamba kwenye vijiti, ngisi, vipande vya nguru na jodari, pweza mzima kajikunja, na kamba koche wawili watatu waliowekwa mbele kwa ajili ya picha. Vingi vimeshapikwa nusu na vinarudishwa motoni ukiagiza, hilo si kosa, ila yafaa ujue. Mimi hununua pweza. Pweza humwoni kwa picha, unamwona kwa kisu: mwambie akate mkono mmoja mbele yako, utazame kama nyama ni nyeupe na imeshikana. Vijiti vya kamba vilivyokauka pembeni viache, hata ubembelezwe vipi. Na bei iulize kitu kimoja kimoja kabla hakijafika kwenye makaa, kwa sababu meza nyingi hazina bei iliyoandikwa, na chakula kikishakolea moshi huna tena nguvu ya kuuliza.

Baba watoto aliuliza. Tatizo lilikuwa lafudhi. Akasema "hii bei gani, kaka," kwa sauti ya mtu aliyeshuka basi la Arusha, na muuzaji akamhesabia pweza, ngisi na vijiti viwili vya jodari: 25,000. Tena akaongeza maneno mawili ya Kiingereza ya kumkaribisha.

Mama alikuwa nyuma yake hatua mbili, ameshika mkono wa kitinda mimba.

"Mwanangu, mbona hunipi shikamoo?"

"Shikamoo, bibi. Samahani, sikukuona."

"Marahaba. Huyu mkwe wangu. Sasa hebu anza tena."

Kijana akainama, akajifanya kupanga makaa. "Kwani nilisemaje? Elfu kumi na tano, bibi, na ndimu bure."

Watu wote mezani wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mume wangu alilipa, na siku nzima iliyofuata akawa anafanya mazoezi ya kuuliza bei Kiunguja, jambo ambalo silishauri, maana anatoka kama mtu wa redioni. Sipendi mchezo huu wa bei mbili, nasema wazi. Pweza ni yuleyule, na mgeni akigundua kesho harudi. Kuandika bei kwenye kibao hakugharimu kitu.

Pweza mwenyewe lakini alikuwa mzuri. Laini, ngozi imeshika moshi, ndimu na pilipili juu. Tulikula tumekaa ukutani, miguu inaning'inia upande wa bahari, ngalawa mbili zimefungwa mbele yetu, na kitinda mimba alikuja kuonja akaona zile duara za mkono wa pweza, akauliza kama ni macho. Hakula.

Sasa kahawa. Mama haondoki Forodhani bila kahawa, lakini haluwa ya kununua hapo haili. Alikuwa ameficha kikopo kwenye mkoba, haluwa aliyoletewa kutoka Pemba kwa ajili ya sikukuu, nyeusi, inang'aa samli, iliki inanukia kabla hajakifungua. Mwenye kahawa akapita na dele lake, akatumiminia kwenye vikombe vidogo. Kahawa chungu kwelikweli, haluwa tamu kwelikweli, na unakula hiki kwa kile. Mkubwa akaomba kikombe kwa mara ya kwanza. Nilitaka kukataa. Bibi yake akasema, "Pesa yake, sikukuu yake." Akanunua, akanywa tone moja, uso ukakunjamana wote, akatuangalia, akamaliza kikombe kizima kwa sababu amekilipia.

Tulikaa mpaka watu wakaanza kuwabeba watoto waliolala mabegani. Nilikuwa nimepanga turudi mapema, lakini sikukuu haina ratiba, na kila tukisimama anatokea mtu aliyesoma skuli na mimi, au aliyesoma na mama, au anayetaka kujua huyu ni mtoto wangu wa ngapi. Shikamoo, marahaba, Idi mubarak, ulikuwa wapi, umenenepa, hujambo. Kitinda mimba alipata mkono wa sikukuu mara mbili zaidi akiwa hapohapo ukutani, kwa hiyo alimaliza siku na noti saba, zote za elfu moja, na chokoleti hadi sikioni.

Daladala za kwenda Mwanakwerekwe zilikuwa zimejaa, tukaamua kukodi gari. Dereva akataja 15,000. Baba watoto akafungua pochi: elfu tatu. Akafungua simu: salio la kuchekesha. Mimi nilikuwa nimemaliza pesa zangu kwenye pembea tangu alasiri. Mkubwa akafungua mkoba wake wa shanga akatuonyesha kwamba umebaki sarafu tu. Kitinda mimba akakumbatia noti zake, akaanza kulia kabla hajaulizwa.

Wote tukageuka kumtazama wa kati.

Mtoto yule, ambaye tangu asubuhi alishika mfuko wa kanzu kama unaungua, hakuwa ametumia hata shilingi. Urojo kalipiwa na bibi. Mshikaki kalipiwa na bibi. Miwa kanywa ya dada yake. Alitoa noti zake taratibu: 19,000, hazina hata mkunjo.

"Nitakukopesha, baba," akasema. "Lakini utanirudishia elfu ishirini."

"Kwa elfu kumi na mbili?"

"Sikukuu."

Dereva alicheka mpaka akashuka kwenye gari. Mama akasema huyo ni babu yake mtupu. Walikubaliana 14,000 baada ya majadiliano yaliyotufikisha Michenzani, na mkubwa akawa shahidi. Tumesharudi Dar wiki ya pili sasa, na kila jioni baba watoto akifungua mlango, anakutana na mtu wa miaka 9 aliyekaa kwenye kochi na daftari.